Aranet4: kipima hewa kinachoumbua AC ya split

Tuanze na hukumu, maana bei ya kifaa hiki si ya kubahatisha. Aranet4 ni kizuri sana kwa kazi moja tu: kuonyesha kama hewa ya chumba inabadilishwa, au waliomo wanavutana pumzi zao wenyewe. Mwenye shule, zahanati, ofisi au studio inayopozwa kwa AC za split atakifaidi. Familia inayopikia mkaa ndani isikinunue kwanza, kwa sababu tutakayoifikia.

Kinatengenezwa na SAF Tehnika, kampuni ya Riga nchini Latvia. Ni kiboksi cha plastiki cha sentimita 7 kwa 7, chepesi, kinachotumia betri mbili za AA. Kioo chake ni cha wino wa kielektroniki kama cha kisoma vitabu, kwa hiyo kinasomeka vizuri juani, hakitoi mwanga chumbani usiku, na gizani huoni kitu mpaka uwashe taa. Kinaonyesha kaboni dayoksaidi kwa ppm, yaani sehemu kwa kila milioni, pamoja na joto, unyevu na kanieneo la hewa. Pembeni kuna alama ya rangi tatu: kijani chini ya 1,000, njano kuanzia hapo hadi 1,400, nyekundu zaidi ya hapo. Mipaka hiyo unaweza kuibadilisha kwenye app. Hakina Wi-Fi. Kinaongea na simu kwa Bluetooth, na simu ikikaribia inavuta kumbukumbu zote na kukuchorea grafu. Kwa nchi zenye kukatika kwa umeme hilo si upungufu hata kidogo: umeme ukienda na ruta ikizimika, chenyewe kinaendelea kupima.

Unachagua kipime kila dakika 1, 2, 5 au 10. Dakika 5 inatosha kwa kazi nyingi, na betri zinadumu kwa miaka. Dakika 1 iweke tu siku ya majaribio, kisha urudishe, la sivyo betri zinaliwa haraka. Weka alkalaini halisi. Zile betri za bei ya chini zinazouzwa kwenye foleni huvuja, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani maji yake huila ile chuma ya mguso upesi mno.

Sasa maana ya namba zenyewe. Pumzi ya binadamu inapotoka ina kaboni dayoksaidi karibu asilimia 4, yaani 40,000 ppm hivi. Hewa ya nje siku hizi ina takriban 425, na kandokando ya barabara yenye foleni hupanda zaidi kidogo. Kinachozidi hapo chumbani ni pumzi za watu, isipokuwa kama kuna moto unawaka. Kikisoma 1,800, toa 430 ya nje, kisha gawa kwa 38,000, kiasi ambacho mapafu huongeza kwenye pumzi: unapata asilimia 3.6. Hicho ndicho kiasi cha kila pumzi unayovuta ambacho kimeshapita kwenye mapafu ya mtu aliyemo humo. Kwenye chumba cha kungojea daktari, ambapo mtu mmoja anakohoa kifua kikuu bila kujua, namba hiyo ina uzito kuliko maelezo yoyote ya mtengenezaji.

Kaboni dayoksaidi yenyewe kwa viwango hivyo si sumu. Kikomo kinachotumika Marekani mahali pa kazi ni 5,000 kwa wastani wa saa 8. Kwa hiyo 1,800 isikutie hofu ya kufa. Ichukue kama kipimo cha uzembe wa hewa. Kuhusu kuumwa kichwa, usingizi wa saa nane mchana na akili kuwa nzito, tafiti hazijaafikiana kama kosa ni la gesi hii au la vingine vinavyorundikana pamoja nayo: joto, jasho, harufu ya rangi, gundi za fanicha mpya, moshi wa printa. Dawa ni ileile, kubadilisha hewa. Na kile kikomo cha 1,000 kina umri mkubwa kuliko AC: Max von Pettenkofer alikipendekeza Munich mwaka 1858.

AC ya split na uongo wake

Watu wengi wakisikia ubaridi wanadhani ni hewa mpya. AC ya split inavuta hewa ya chumba hichohicho, inaipitisha kwenye mabomba ya baridi, na kuirudisha. Ile mashine iliyo nje inatupa joto tu, na bomba zinazopita ukutani ni za gesi na maji. Hakuna tone la hewa ya nje linaloingia. Zamani tatizo lilikuwa dogo kwa sababu nyumba zilikuwa na madirisha ya luva yasiyofunga sawasawa na matundu juu ya fremu. Siku hizi zimewekwa alumini za kuslaidi, zinaziba vizuri, na hata zikifunguliwa ni nusu tu ya dirisha inayopitisha hewa. Nairobi utakuta matundu ya juu ya dirisha yamezibwa kwa magazeti au kupigwa plasta ili baridi ya Julai isiingie. Kifaa hiki kinaumbua yote hayo ndani ya saa moja.

Chukua chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.5, urefu wa dari mita 2.7. Ni mita za ujazo 28. Watu wazima wawili waliolala hutoa kaboni dayoksaidi lita 26 hivi kwa saa. Kama chumba kisingevuja kabisa, namba ingepanda kwa 920 kila saa: ukilala saa nne usiku ikiwa 450, saa nane usiku ingekuwa zaidi ya 4,000. Vyumba vyote huvuja kidogo, ndiyo maana alfajiri unakuta 2,000 hadi 3,000. Upenyo wa sentimita 2 chini ya mlango na dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa kiganja hushusha sana namba hiyo, na AC haitalemewa kama watu wanavyohofu, mradi hujaiweka 16.

Ofisini hesabu ni rahisi zaidi, na hapa ndipo kifaa kinapolipa. Subiri namba iache kupanda, kwa kawaida baada ya saa mbili au tatu za watu kuwa ndani bila kutoka. Chukua namba hiyo, toa ya nje, kisha gawa 5,200 kwa tofauti uliyopata. Jibu ni lita ngapi za hewa ya nje kila mtu anapata kwa sekunde. Chumba kikitulia kwenye 1,600 na nje ni 430, tofauti ni 1,170, na jibu ni lita 4.4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Machi 2021, lilitaja lita 10 kwa mtu kwenye majengo yasiyo ya makazi, na 60 kwa kila mgonjwa katika vituo vya afya. Lita 10 maana yake ni kusoma karibu 950. Kwa darasa la watoto wa msingi usitumie 5,200, maana miili midogo hutoa gesi kidogo. Tumia 3,500 hadi 4,000. Darasa la watoto likisoma 1,000 lina hewa haba kuliko ofisi ya watu wazima wa idadi ileile inayosoma 1,000. Hili hata wakaguzi hulisahau.

Hesabu hiyo inadanganya kwenye chumba ambacho watu wanaingia na kutoka, au ambacho namba bado inapanda. Hapo tumia njia ya kushuka. Wakusanye watu mpaka isome 1,500 au zaidi, kisha watoke wote, milango na madirisha yakae vilevile kama siku ya kazi. Weka kipimo cha kila dakika 1 na feni iendelee kuzunguka ili hewa ichanganyike. Chukua ziada iliyokuwapo juu ya hewa ya nje, kisha angalia imechukua muda gani kubaki asilimia 37 ya ziada hiyo. Mfano: ilianza 1,800, nje ni 430, ziada ni 1,370. Asilimia 37 yake ni 507, kwa hiyo unasubiri isome 937. Ikichukua nusu saa, chumba kinabadilisha hewa yake mara 2 kwa saa. Ikichukua dakika 10, ni mara 6. Ikichukua saa mbili, ni mara nusu kwa saa, na hicho ni chumba kilichozibwa. Rudia dirisha moja likiwa wazi, kisha madirisha mawili ya pande zinazotazamana. Tofauti ya jaribio la pili na la tatu huwa kubwa mno, hasa upepo wa kusi unapovuma, na ndiyo inayowashawishi wenye majengo kuliko hotuba.

Mahali pa kukiweka pana maana. Urefu wa meza, mita 1 hadi 1.5 kutoka sakafuni, mita 1 na nusu au zaidi kutoka kwenye kinywa cha mtu, mbali na mkondo wa AC, mbali na dirisha, pasipopigwa jua. Kikiwekwa kando ya mto kitasoma pumzi yako, si ya chumba. Na kikitolewa kwenye ofisi ya nyuzi 18 moja kwa moja hadi nje kwenye joto la pwani, umande utatanda juu yake na ndani yake. Kiache kwenye mfuko dakika 20 kipate joto ndipo ukisome.

Ukishajua chumba ni kibovu, dawa ya bei nafuu ni feni ndogo ya bafuni. Ile ya inchi 4 hutoa takriban mita za ujazo 90 kwa saa, sawa na lita 25 kwa sekunde, ikitosha watu wawili kwa kiwango cha lita 10. Ifungwe ukutani ikivuta hewa kwenda nje, upande wa pili wa chumba, mbali na pale hewa safi inapoingilia, si juu ya dirisha lilelile. Kosa la kawaida la mafundi ni kuifunga ikielekea darini au kwenye korido, hivyo inahamisha hewa mbovu tu. Kosa la pili ni wavu wa mbu uliojaa vumbi la barabarani: ukiupitisha kidole unatoka mweusi, na hewa inayopita ni kidogo kuliko unavyofikiri. Brashi na maji ya sabuni kila mwezi.

Kisafisha hewa cha HEPA hakitashusha namba hata kidogo, kwa sababu chujio linanasa chembe, halinasi gesi. Mtu anayenunua vyote viwili asikirudishe dukani akidai kimoja kibovu.

Unyevu: kipimo wanachokipuuza

Wengi wanaangalia ppm na kupita. Mkazi wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja afanye kinyume, aanze na unyevu. Machi hewa ya pwani huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye baridi ya karibu nyuzi 24 kushuka chini. AC ikiwekwa 17 usiku kucha, ukuta unaotenganisha chumba hicho na korido yenye joto unapoa, na upande wa korido unalowa. Vivyo hivyo dari chini ya bati, na nyuma ya kabati la nguo lililosukumwa mpaka ukutani. Baada ya majuma machache unaona madoa ya kuvu, kwanza kijivu, kisha meusi, na nguo za ndani kabisa zinanuka uvundo. Mwenye pumu hataambiwa na mtu.

Kifaa kikionyesha unyevu wa zaidi ya asilimia 65 siku nyingi mfululizo, usingoje madoa. Panda hadi nyuzi 25 au 26 na uwashe panga boi. Mwili utaona ubaridi uleule na ukuta hautafika kwenye umande. AC kubwa kuliko chumba nayo ni tatizo: inapoza haraka, inazima kabla haijakausha hewa, na unabaki na chumba baridi chenye unyevu wa 75. Fundi akikushauri uongeze nguvu ya mashine kwa sababu hewa ya chumba ni nzito, mwonyeshe hiyo namba kwanza. Na sogeza kabati sentimita 10 kutoka ukutani.

Kuna mgongano hapa ambao hauna suluhisho la bure. Pwani, kufungua dirisha kunashusha kaboni dayoksaidi na kupandisha unyevu. Mchana wa Machi ni bora kufungua yote dakika 10 kila baada ya saa moja na nusu kuliko kuacha upenyo siku nzima huku AC ikipigana na bahari. Nairobi, Arusha au Mbeya hakuna mgongano huo. Huko hewa ya nje karibu kila saa ni kavu na ya baridi ya kutosha, na kuziba chumba ni mazoea tu.

Kiwanda kinakitaja kifaa chenyewe kwa unyevu usiozidi asilimia 85. Usiku wa masika pwani nje huvuka hapo, kwa hiyo kisiachwe kwenye kibaraza usiku kucha.

Kisichokiona

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kaboni dayoksaidi si kaboni monoksaidi. Ya pili ndiyo inayoua familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, Nairobi, Limuru, Njombe, kila msimu wa baridi. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, ndiyo maana watu wanauamini. Aranet4 haina kihisi cha gesi hiyo. Namba yake itapanda kwa sababu moto unatoa zote mbili, lakini haitakuambia ni ipi inakuua na haitapiga kelele kwa sababu hiyo. Nyumba yenye jiko la mkaa, jenereta karibu na dirisha, au hita ya maji ya gesi bafuni inahitaji kengele ya kaboni monoksaidi yenye alama ya EN 50291, kiwango cha Ulaya cha kengele hizo. Hiyo hulia ndani ya dakika 3 gesi ikifika 300 ppm, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa 50. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kifaa hiki. Kwa nyumba hiyo hakuna mjadala, nunua kengele, na mkaa ubaki nje.

Jiko la gesi nalo huvuruga hesabu. Kichwa kimoja cha kilowati 2 hutoa kaboni dayoksaidi karibu lita 250 kwa saa, kiasi cha watu kumi na watatu au zaidi waliokaa. Jikoni ikisoma 2,500 wakati wa kupika haina maana kwamba pumzi zimejaa. Ina maana moshi wa moto hautoki, pamoja na nitrojeni dayoksaidi ambayo ni mbaya kwa vifua vya watoto. Usitumie ile kanuni ya 5,200 moto ukiwaka.

Dawa ya mbu ya kuchoma haionekani kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba duara moja likiungua hutoa chembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Aranet4 inaweza kubaki kijani huku mapafu yakikaangwa. Udi na ubani ni vivyo hivyo, na chetezo kina mkaa juu ya hayo. Hatusemi watu waache kufukiza. Fukiza kabla ya wageni, dirisha likiwa wazi, kisha toa chetezo nje. Chembe hizo hupimwa kama PM2.5, ambayo Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Kifaa hiki hakipimi hata moja.

Kuvu ndani ya AC yenyewe hakiioni pia. Zima AC, fungua vile vibao vya mbele vinavyoelekeza upepo, mulika kwa tochi ya simu kwenye lile pipa refu la feni. Kama mapezi yake yana utando mweusi wenye manyoya, kila unapowasha unapuliziwa huo, na ndiyo ile harufu ya soksi mbichi dakika za kwanza. Fundi aliyemwagia maji mapezi ya mbele kwa presha na kuondoka hajasafisha kitu. Pipa lazima lioshwe, trei ya maji itolewe utelezi, na bomba la kutolea maji lipulizwe mpaka litiririke. Vichujio mwenye nyumba avioshe mwenyewe kila wiki mbili.

Wala hakioni bakteria wa Legionela, waliopata jina baada ya mkutano wa hoteli ya Philadelphia mwaka 1976 uliosababisha vifo 34. Hao hukaa kwenye maji: minara ya kupozea ya majengo makubwa, matangi ya maji moto yaliyowekwa uvuguvugu. Ofisi yenye hewa ya 600 ppm inaweza kuwa nao.

Kusawazisha, na mtego wake

Kihisi ni cha mwanga wa infraredi, aina inayoaminika, na kampuni inataja usahihi wa ppm 30 pamoja na asilimia 3 ya kinachosomwa. Lakini vihisi vya aina hii huteleza polepole. Kuna njia mbili za kukisawazisha, zinazochaguliwa kwa swichi ndogo chini ya kifuniko cha nyuma. Ya otomatiki huchukua namba ya chini kabisa iliyowahi kuonekana kwa kipindi fulani na kuichukulia kuwa ndiyo hewa ya nje. Inafaa chumba ambacho kila usiku au kila Jumapili hubaki kitupu mpaka hewa irudi kuwa ya nje. Kwenye kituo cha simu kinachofanya kazi saa 24, wodi, au chumba cha kulala kisichofunguliwa kamwe, inaharibu kila kitu: hewa ya chini kabisa pale ni 700, kifaa kinaiita 420, na kuanzia hapo kila namba ni pungufu kwa karibu 280. Unaona kijani kumbe ni njano, na njano kumbe ni nyekundu. Sehemu hizo weka ya mkono: kipeleke nje mbali na magari na watu, kiache nusu saa, usisimame ukikipulizia, ndipo usawazishe. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Kwa wakazi wa nyanda za juu kuna jambo moja zaidi. Vihisi vya infraredi huhesabu molekuli zilizo njiani mwa mwanga, na Nairobi, ambako kanieneo la hewa ni karibu hektopaskali 830 badala ya 1,013 za usawa wa bahari, molekuli ni chache. Kipima kisichojua kanieneo kitasoma pungufu kwa kati ya asilimia 15 na 20, kama kilisawazishwa kwenye usawa wa bahari. Aranet4 ina kihisi cha kanieneo ndani. Ukinunua kingine, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuingiza mwinuko, na kama haipo, kisawazishe hapohapo unapoishi.

Vya bei poa

Mtandaoni na kwenye maduka ya vifaa vya umeme vimejaa visanduku vyenye kioo cha rangi, vinavyodai kupima "CO₂, TVOC, HCHO", yaani kaboni dayoksaidi, mvuke wa kemikali na formaldehidi, kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Vingi havina kihisi cha kaboni dayoksaidi. Vina kihisi cha mvuke wa kemikali kinachokisia. Jaribio ni dogo: lowesha pamba kwa spiriti, ishike sentimita 10 kutoka kwenye matundu yake bila kupumulia. Kikiruka kutoka 450 hadi 2,000, kinanusa spiriti. Aranet4 haitikisiki. Vya kweli vya bei ya chini vipo, na maelezo yake hutaja jina la kihisi: Senseair S8, au SCD40 na SCD41 za Sensirion. Muuzaji asiyeweza kutaja kihisi, mwache.

Anayetaka chembe za moshi pia aangalie AirGradient ONE, ya kampuni iliyo Chiang Mai, Thailand. Ina Senseair S8 kwa kaboni dayoksaidi na kihisi cha PM2.5 cha Plantower, na michoro yake ni wazi kwa mtu yeyote. Inataka umeme wa USB muda wote na Wi-Fi ili data ifike mtandaoni, kwa hiyo ni ya kufunga mahali pamoja, wala haifai kubebwa mfukoni kwenda kukagua madarasa kumi. Kwa nyumba ya mjini iliyo kando ya barabara au inayochoma dawa ya mbu, ndiyo chaguo letu. Kwa mkaguzi, nesi wa udhibiti wa maambukizi, au mwalimu mkuu, Aranet4.

Bei ni karibu dola 200 kabla ya usafiri na ushuru. Kikifika, usitupe boksi. Weka betri, kiache nje kivulini nusu saa. Kikisoma kati ya 400 na 480, kiko sawa. Kikisoma 600, kisawazishe kwa mkono, kilaze ndani usiku mmoja, kesho yake kitoe tena mahali palepale. Kikirudi 600, kirudishe kwa muuzaji na picha ya grafu ya siku hizo mbili.